Mwizi ni Mtu wa Uani: Mwongozo Kamili wa Kuilinda Nyumba Yako Tanga

Pita Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, uzitazame nyumba kwa mbele. Utaona milango ya mninga, vitasa vinang'aa, grili imepakwa rangi ya fedha. Sasa zunguka nyuma. Uani utakuta mlango wa mbao za maboksi uliogongewa kipande cha bati, na unashikiliwa na msumari uliopindwa. Mlango wa mbele tunautengeneza kwa ajili ya wageni na wakwe. Mwizi hakualikwa, na kwa hiyo haupigii hodi. Yeye ni mtu wa uani.

Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Tulikuwa tunakaa Makorora, tukaamka alfajiri na kuukuta mlango wa uani umerudishiwa taratibu, kana kwamba aliyetoka ni mtu mwenye adabu zake. TV haipo, mtungi wa gesi haupo, pampu ya maji haipo, hata viatu vya mlangoni vimesombwa. Mlango wa mbele ulikuwa na vitasa viwili na makomeo matatu, vyote vizima. Ule wa uani ulikuwa na kufuli nzito niliyoinunua kwa kujinyima, nayo pia ilikuwa nzima! Fundi alikuwa ameifunga tumbuu, kile chuma cha mlangoni kinachopitishwa kufuli, kwa skrubu fupi za nusu inchi. Mwizi aliingiza bisibisi kwa nyuma, akaing'oa tumbuu na kufuli yake ikabaki inaning'inia, imefungwa vilevile.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikinunua vitu kwa mpangilio mbaya. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeutumia leo kama ningeanza upya: kwanza mambo yasiyo na gharama, kisha mlango, dirisha na paa, halafu mwanga na kelele, na kamera mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: izunguke nyumba yako kama mwizi

Ifanye kazi hii mara mbili, mchana mara moja na usiku mara moja, baada ya saa tatu. Waage walio ndani, mwambie mmoja afunge kila kitu kama mnavyofunga siku zote, kisha wewe baki nje bila ufunguo. Jiulize swali moja tu: ningekuwa nimesahau ufunguo, ningeingiaje? Kila mtu analijua jibu la nyumba yake. Kuna dirisha la choo ambalo watoto hupitishwa, kuna mlango wa jikoni ambao ukiusukuma kwa bega unaachia. Jibu hilo unalolijua wewe ndilo analolitafuta mwizi.

Ukizunguka mchana, angalia vitu vitatu. Cha kwanza ni ngazi. Sisemi ngazi ya dukani tu, bali mwembe uliotupa tawi juu ya bati, tanki la maji lililosimama kando ya ukuta, tofali ulizozipanga tangu mwaka juzi ukisubiri kumalizia kibanda. Cha pili ni zana. Mtaimbo, jembe, tindo na msumeno wa chuma ulivyoviacha uani ndivyo vitakavyovunjia mlango wako; mwizi hana haja ya kubeba chuma njiani akakutana na doria wakati wewe umemwekea. Cha tatu ni maficho. Kama unakaa Kange, Mwakidila au Pongwe, ambako nyumba mpya zinaota pembeni ya vichaka, tazama pagale lililo jirani nawe. Pagale lisilo na milango ni chumba cha kusubiria. Mtafute mwenyewe, au mwone mwenyekiti wa mtaa, lifyekwe na kuzibwa.

Ukizunguka usiku, simama barabarani utazame ndani. Kama TV inaonekana kutoka njiani, imeshahesabiwa. Pazia zito ni kinga ya bei ndogo kuliko zote zilizomo humu.

Nina neno moja kuhusu ukuta mrefu. Huko Raskazone na Sahare watu hujenga ukuta hadi mtu mrefu asione ndani, na geti la bati zito lisilo na upenyo. Mimi siupendi sana. Ukuta wa namna hiyo unamzuia mwizi kwa dakika moja, na akisharuka unamficha kwa saa nzima. Jirani haoni kitu, na mlinzi wa nyumba ya pili haoni kitu. Kama umeshaujenga, basi acha sehemu ya mbele yenye nondo zinazopitisha macho. Vipande vya chupa juu yake visikutulize moyo, kwa sababu gunia moja likitandazwa juu yake limevimaliza. Michongoma au boganvilia iliyofungana vizuri kando ya ukuta wa nyuma inanipa matumaini zaidi, ila ya mbele ipunguze hadi kiunoni.

Hatua ya pili: mlango wa uani

Hapa ndipo fedha ya kwanza iende, na hapa nitakawia.

Mlango una sehemu nne: bamba lenyewe, fremu, bawaba, na kinachofunga. Mwizi hutafuta iliyo dhaifu kati ya hizo nne. Mlango wa fleshi, ule wa mbao laini mbili zenye uwazi katikati, ni wa ndani ya nyumba tu. Teke moja linautoboa. Kwa nje weka mbao ngumu yenye unene wa milimita 40 au zaidi, au mlango wa chuma. Kama huna uwezo wa kuubadili leo, upige bati nene upande wa ndani, likamate kuanzia chini hadi juu, kwa skrubu zinazoingia kwenye mbao za pembeni.

Fremu ndiyo inayosahauliwa. Igonge kwa kiganja. Ukisikia mlio mtupu kati yake na ukuta, basi fundi alipaka lipu usoni tu na nyuma kuna uwazi. Mtaimbo ukiingia hapo, fremu yote inatoka na mlango wake. Chimbua lipu hiyo, jaza zege, na ongeza vishikizo vya chuma vinavyoingia ukutani, vitatu kila upande.

Bawaba nazo zina hila yake. Mlango ukifunguka kwa kutokea nje, pini za bawaba zinakaa nje, na mwenye bisibisi na nyundo anazipandisha moja moja bila kugusa kitasa. Dawa yake ni ya msumari mmoja. Chukua msumari wa inchi 4, upigilie kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, kisha ukate kichwa ili ubaki umechomoza kama sentimita moja na nusu. Mkabala wake toboa tundu kwenye fremu. Mlango ukifungwa, msumari unaingia tunduni, na hata bawaba zikitolewa zote mlango haung'oki. Weka miwili, juu na chini. Fundi yeyote wa Barabara ya Pangani atakufanyia kabla chai haijapoa.

Kisha vinavyofunga. Kitasa chenye liva mbili au tatu, vile vibamba vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo, hufunguliwa na ufunguo malaya, na ufunguo malaya si kitu adimu. Nunua cha liva tano au zaidi, au cha silinda nzuri. Lakini kitasa kimoja, hata kiwe kizuri vipi, kinashika mlango katikati tu. Juu na chini mlango unacheza. Ongeza makomeo ya ndani, moja juu na moja chini. Na kama nyumba yako ni ya kizamani, warudie wazee wako: mti wa kukingamisha mlango kwa ndani, unaokaa kwenye vishikio viwili vya chuma vilivyozikwa ukutani. Hauna ufunguo wa kupotea, wala hakuna bisibisi inayoufikia.

Kufuli za nje ni kwa ajili ya mlango unaoufunga ukiondoka. Tumbuu yake ifungwe kwa bolti zinazopenya mlango mzima, nati ziwe upande wa ndani na vichwa vya bolti viwe vya mviringo visivyoshikika na spana. Nililipia somo hili kwa TV. Skrubu za bawaba na za komeo nazo ziwe za inchi 3, zifike kwenye mti wa fremu hasa.

Hewa ya bahari inakula chuma. Kufuli ya chuma ya bei ndogo, ukikaa karibu na pwani, itakamata kutu kabla ya kusi kugeuka kaskazi, na kufuli yenye kutu ina njia mbili tu: ama inakukatalia wewe mwenyewe, ama inavunjika kwa pigo moja. Nunua yenye mwili wa shaba na upinde wa chuma kisichoshika kutu. Usiipake mafuta ya kula wala ya cherehani ukadhani umeihudumia, maana mafuta yanashika vumbi na kugeuka udongo ndani. Kwangura risasi ya penseli, ule unga mweusi uutie kwenye tundu la ufunguo, uzungushe mara kadhaa. Inatosha kwa miezi.

Hatua ya tatu: madirisha, na mtu wa upembo

Kuna wizi ambao hauvunji kitu. Mtu anakuja saa nane za usiku na upembo, ule mti wa ndoano wa kuangulia maembe, anaupitisha kwenye nondo, anavuta suruali iliyotundikwa ukutani na mfukoni mna pochi na funguo. Au anavuta simu inayochaji kwa kamba ya chaja yake, polepole kama anavua samaki. Tanga usiku wa joto hakuna anayelala madirisha yamefungwa, na sitakuambia ufunge ukafa kwa jasho. Dawa ni umbali: simu, pochi, laptopu na funguo zisikae ndani ya mita tatu za dirisha. Nyuma ya wavu wa mbu, ambao wembe unaukata kimyakimya, pigilia wavu wa chuma wa matundu madogo. Hewa inapita, upembo haupiti.

Grili yenyewe iwe ya nondo nzima ya milimita 12 au zaidi. Vile vibomba vya mraba vilivyo wazi ndani, vinavyopendeza kwa maua yake, hutanuliwa na jeki ya gari mara moja. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 12, na ziwepo za kukata mlalo ili jeki isipate pa kukaa. Kumbuka wapo wanaotembea na mtoto mwembamba wa kumpenyeza ndani ili awafungulie mlango. Ncha za nondo zizame ukutani kwenye zege kama sentimita 8 au 10. Grili iliyoshikwa kwa skrubu nne juu ya fremu ya mbao ni pambo.

Kutu tena: grili huoza kwa chini, pale maji ya mvua yanapotuama juu ya tofali la dirisha. Kila mwaka kabla ya masika ipitie kwa kucha. Rangi ikibanduka na chini yake kuna unga mwekundu, kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ndiyo upake rangi ya juu.

Vioo vya luva vinahitaji onyo la peke yake, hasa vya chooni na jikoni. Kila kioo kinachomolewa kwenye mabano yake bila sauti, kinawekwa chini, na cha pili, na cha tatu. Gundi ya silikoni kwenye ncha za kila kioo inasaidia, lakini nyuma yake lazima pawe na nondo. Hata dirisha dogo kama sahani usilidharau: kichwa kikipita, mabega yatatafuta njia. Tundu lililoachwa na kiyoyozi cha zamani lizibwe kwa tofali, si kwa mbao.

Na hapa nakusihi. Usiifanye nyumba kuwa tundu la kuku. Nyumba ikishika moto usiku na kila dirisha lina nondo za kuzikwa, hao walio ndani watatokea wapi? Katika chumba kimoja cha kulala angalau, grili iwe na mlango mdogo unaofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo kila mtu anapajua, hata mtoto, lakini upembo hauufikii. Fanyeni majaribio gizani. Zimamoto ni 114, na namba hiyo watoto waijue kama wanavyojua majina yao.

Hatua ya nne: juu

Nyumba zetu nyingi za vyumba, zile za ukumbi katikati na wapangaji huku na huku, zina siri ambayo wapangaji huigundua wakiwa wamechelewa: kuta za kati hazifiki kwenye bati. Aliyepanda juu ya chumba kimoja amepanda juu ya vyumba vyote. Unaweza kuweka kitasa cha dhahabu mlangoni kwako, mtu akashukia kwenye dari yako kutokea chumba ambacho hakina mpangaji. Ukitafuta chumba, kabla ya kuuliza kodi, inua macho. Kama kuta hazijafungwa hadi juu, zungumza na mwenye nyumba; wengine hukubali ufunge kwa tofali na gharama ikatwe kwenye kodi. Muandikiane.

Kwa wenye nyumba zao: misumari ya bati hung'olewa kwa nje, na dari ya jipsamu haizuii hata paka. Kama huwezi kuweka wavu wa nondo juu ya nyumba nzima, weka juu ya chumba kimoja, kile mnacholala, ili angalau pawe na mahali pa kujifungia. Mwizi wa juu hupenda hasa wakati wa masika, maana mvua ikinyesha kwenye bati huwezi kusikia hata mtu akikuita jina.

Hatua ya tano: mwanga na kelele

Taa ya nje iwe nyuma kabla ya mbele. Zile za sola zenye sensa, zinazowaka mtu akipita, ni nzuri na hazitegemei umeme. Zifunge juu kiasi cha mita tatu ili zisizimwe kwa mkono, na kila mwezi pangusa kioo cha sola, maana chumvi na vumbi vikikigubika taa inakufa saa tano usiku, kabla kazi yake haijaanza.

Swichi kuu mara nyingi iko nje, kwenye kibaraza pamoja na mita. Mwizi anaijua. Anaizima, anajibanza pembeni, anakungoja utoke na tochi kuangalia LUKU. Kwa hiyo shika kanuni hii: umeme ukikatika usiku, chungulia dirishani kwanza. Ikiwa taa za majirani zinawaka na yako tu ndiyo imezimika, usifungue mlango. Mpigie jirani, aangalie kutoka kwake.

Upande wa kelele, kokoto chini ya madirisha zinafanya kazi nzuri, kwa sababu hakuna mguu unaotembea juu yake kimya. Kuna ving'ora vidogo vya sumaku vinavyobandikwa mlangoni. Mlango ukiachana na fremu vinapiga ukelele wa kuamsha wafu, na bei yake haizidi ya kufuli nzuri. Kama hujavipata, panga sufuria mbili na vijiko nyuma ya mlango. Unacheka, lakini mama yangu alilala hivyo miaka mingi.

Mbwa ni mlinzi, ila najua kwa wengi wetu huku pwani kumfuga karibu na mahali pa kuswalia kuna ugumu wake. Fuga kanga au bata bukini. Kanga hulala juu ya mti na akiona kitu kigeni hanyamazi, na bata bukini humfuata mgeni kwa shingo ndefu na hasira. Wezi wa kuku watakuja, ndiyo, lakini watakuwa wameamsha mtaa.

Sasa kuhusu dawa ya usingizi. Kila mtaa una simulizi: walipuliziwa dawa dirishani wakalala kama magogo, au walimwagiwa udongo wa makaburini juu ya bati. Siwezi kubishana na Tanga juu ya mambo ya udongo. Lakini dawa ya hospitalini ya kulaza mtu haifanyi kazi kwa kupulizwa dirishani mwa chumba chenye upepo. Hata chumba cha upasuaji yuko mtaalamu anayekaa na mgonjwa, anampimia. Mtu aliyefanya kazi kutwa, feni inazunguka, mvua inanyesha, saa tisa usiku, halazwi na mtu. Amelala tu. Ukitaka kuweka zindiko, weka, hilo ni lako na mganga wako. Ila zindiko na komeo havigombani, viweke vyote viwili.

Hatua ya sita: watu

Mwizi mzoefu haji usiku kwanza. Anakuja mchana na kupiga hodi. Akiitikiwa anauliza, "Samahani, hapa ndipo kwa Mama Mwanaidi?" Hapana, si hapa. Anaomba radhi, anaondoka. Asipoitikiwa, anajua. Wafundishe watoto na dada wa kazi kuitika kutoka ndani bila kufungua, na wasiseme kamwe "baba hayupo". Baba amelala, anajisikia vibaya, yuko bafuni. Baba huyo awe na shughuli siku zote.

Wapo wanaojitambulisha kuwa wamekuja kusoma mita, kukagua bomba, kupulizia dawa ya mbu. Mwenye kazi ya kweli ana kitambulisho na hatachukia ukipiga simu ofisini kwake kuuliza. Atakayekuharakisha, mwache mlangoni.

Fundi, mpangaji wa zamani, kijana aliyekusaidia kuhama: sisemi ni wezi, ila funguo wanazo au walikuwa nazo. Ukihamia nyumba, badili silinda siku ya kwanza. Ufunguo usiuweke chini ya mkeka wala ndani ya chungu cha maua. Huko ndiko mkono wa kwanza unakokwenda.

Ratiba yetu inajulikana na kila mtu. Ijumaa adhuhuri wanaume wako msikitini. Ramadhani wakati wa tarawehe mtaa mzima umehama. Kuna harusi, na kuna msiba, ambao unatangazwa kwa kipaza sauti na jina la ukoo. Kila familia imwache mtu nyumbani, na ikishindikana, majirani wagawane: leo nyumba yenu inabaki na mtu, kesho yetu. Ukisafiri kwenda Lushoto kula sikukuu, mwambie jirani mmoja unayemwamini, wala usiweke picha za safari mitandaoni hadi urudi. Mpe jirani huyo kazi ndogo ya kufagia mbele na kuwasha taa moja ya ndani jioni. Nyumba yenye majani makavu ya siku nne mlangoni inajitangaza yenyewe.

Ulinzi shirikishi wa mtaa una sifa nzuri na mbaya, kulingana na mtaa. Mahali mchango unapolipwa na vijana wana filimbi, tochi na orodha inayojulikana kwa mwenyekiti na polisi wa kata, wezi huhama. Mahali ambapo orodha haijulikani, doria yenyewe ndiyo hugeuka kuwa shida. Kabla ya kutoa mchango, uliza majina ya walinzi na uhifadhi namba zao. Nyumba nne au tano kuchangia mlinzi mmoja anayezunguka ni bora kuliko kila moja na wake anayesinzia getini.

Hatua ya saba: alama, kumbukumbu, na kamera mwisho

Chukua jioni moja. Piga picha kila kitu cha thamani, nyuma na mbele, pamoja na namba zake. Simu, bonyeza *#06# uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Baiskeli, maana huu ni mji wa baiskeli, ipindue usome namba iliyogongwa kwenye fremu. Mtungi wa gesi, TV na pampu vikwaruze jina la ukoo kwa msumari mahali panapoonekana. Kitu chenye jina hakiuziki vizuri. Risiti zipige picha. Vyote vitume kwa ndugu aliye mji mwingine, kwa sababu ukiviweka kwenye simu yako tu, vitaondoka na simu.

Kamera zinasaidia, lakini hazizuii mtu kuingia. Zinakuonyesha tu alivyoingia. Kama umeshakamilisha hatua zote za juu, nunua. Boksi la kurekodia lifiche mbali na TV, la sivyo litabebwa pamoja nayo. Kamera zitazame milango yako, zisitazame ua wa jirani ambako watu wanaoga na kuanika. Hilo ni suala la heshima kwanza, na picha za watu nazo sasa zina sheria, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya nane: akiwa ndani, na baada ya kuondoka

Ukisikia mtu sebuleni usiku, usitoke. Funga mlango wa chumba, wakusanye watoto, washa taa, piga kelele na filimbi kupitia dirishani, kisha piga 112 na majirani. Mwachie njia ya kutokea. Aliyezibiwa njia ndiye anayetumia panga.

Na akikamatwa, mzuie umati. Nimeona jinsi inavyokuwa: dakika tatu, tofali la kwanza, kisha hakuna anayejua nani alirusha la mwisho. Kuua ni kuua mbele ya sheria, hata aliyekufa awe amebeba TV yako, na mara kadhaa aliyepigwa hakuwa mwizi. Mfungeni, waitwe polisi.

Ukirudi na kuukuta mlango wazi, usiingie peke yako, huenda bado yumo. Usifagie, usishike vitasa wala vioo. Nenda kituoni, kwa watu wa mjini ni Chumbageni au kituo kilicho karibu nawe, ukiwa na ile orodha yako. Hakikisha umepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila hiyo kampuni ya simu haitafungia IMEI na bima, kama unayo, haitakusikiliza. Waeleze kama kuvunja kulitokea usiku au mchana, maana sheria inavitofautisha na cha usiku adhabu yake ni kali zaidi.

Kisha mtafute fundi siku hiyohiyo, kabla ya magharibi. Aliyeingia jana anaijua njia, anajua mbwa hayupo, na anajua kwamba baada ya mwezi mmoja utanunua TV nyingine. Ukiinunua, iingize nyumbani usiku, na lile katoni lake usiliweke jalalani. Lichanechane, uwashie jiko.